Mguu Usio na Habari

Jina alilopewa na mama yake lilikuwepo, na lilikuwa jina zuri tu, lakini pale hospitali ya farasi hakuna aliyelitumia kwa zaidi ya miaka thelathini. Waliomheshimu walimwita Mzee Ganzi, waliomzoea walimwita Ganzi, na wenye farasi waliokuja mara mojamoja walimwita yule mtu wa ganzi, kwa sababu ndiyo kazi waliyomwona nayo: kumshika farasi mguu daktari anapochoma sindano, kungoja ganzi iingie, kisha kukimbia naye mchakamchaka kwenye sakafu ya saruji huku daktari amekunja mikono anatazama.

Alikuja pale akiwa na miaka ishirini na minne, kufagia mabanda. Kabla ya hapo farasi aliwaona kwa mbali tu. Siku ya tatu alipigwa teke, meno mawili ya mbele yakaenda zake, na kesho yake akaja kazini mdomo umevimba hata kusalimia hawezi. Daktari wa wakati ule, mzee mmoja mkavu ambaye sasa ni marehemu, alimtazama akasema mtu anayerudi baada ya teke la kwanza anafundishika. Akafundishwa. Mengine yote ya maisha yake, ndoa, watoto watatu, nyumba ya vyumba viwili na veranda, yalikuja baada ya teke lile, na mkewe alipenda kusema kwamba yeye aliolewa na pengo, mwanamume akafuata nyuma.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hii. Farasi akichechemea, kila mtu anaona kwamba anaumwa mguu, lakini mguu wa farasi ni mrefu na farasi hasemi. Maumivu yanaweza kuwa kwatoni, kwenye kifundo, kwenye kano au gotini. Basi daktari anachoma dawa ya ganzi kwenye mshipa wa fahamu, sehemu ndogo tu, na anaanza chini kabisa, juu kidogo ya kisigino. Wanangoja dakika kumi. Kisha farasi anakimbizwa. Kama bado anachechemea, maumivu yako juu zaidi, kwa hiyo wanapanda hadi kifundoni, wanachoma tena, wanangoja tena. Wakifika mahali ambapo farasi anakanyaga sawasawa, wamejua: kinachouma kiko chini ya sindano ya mwisho. Ukianza juu, mguu wote utakufa ganzi kwa mpigo na hutajua lolote. Hii ya kuanza chini Ganzi aliishika vizuri kuliko alivyoshika siku walizozaliwa watoto wake.

Kati ya sindano na mbio kulikuwa na jambo dogo ambalo lilikuwa lake peke yake. Mfukoni alitembea na kifuniko cha kalamu, cha bluu, kimetafunwa ncha. Dakika kumi zikiisha, anauinua mguu, anakibonyeza kifuniko kile nyuma ya kisigino, upande ambao farasi haoni. Farasi akivuta mguu, dawa haijaingia. Akitulia, Ganzi anasema, “Umelala,” na daktari anaandika saa. Alikuwa na mkono mwepesi mno kwa hilo. Madaktari watatu walipita pale, na wote watatu walilichukua neno lake bila kubonyeza wenyewe.

Na kila mara mwenye farasi akimwona mnyama wake anakimbia bila kuchechemea, uso unamng'aa, anasema kapona. Kila mara Ganzi alimjibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kulisema jambo mara elfu: “Hajapona, bwana. Hana habari tu.”

Kulikuwa na farasi mmoja aliyempenda kuliko wengine, ingawa angeulizwa angekana. Alikuwa jike mzee wa kahawia wa shule ya kupanda farasi iliyopakana na hospitali, na watu walimwita Shangazi, kwa kuwa aliwakemea farasi wadogo, aliwakemea wanafunzi, na siku akiamka vibaya alimkemea hata mwenye shule. Miaka saba nyuma Shangazi alianza kuchechemea miguu yote miwili ya mbele. Walimchoma ganzi kisiginoni, mguu mmoja kisha wa pili, akakimbia vizuri kabisa. Kwa hiyo ubaya ulikuwa ndani ya kwato, kwenye mfupa mdogo uliolika, na mfupa ule haukuwa na dawa. Ama auawe, ama akatwe ile mishipa midogo ya fahamu visiginoni, asisikie tena huko chini maisha yake yote. Daktari wa sasa, mwanamke mmoja ambaye kwa umri Ganzi angeweza kumzaa lakini mwenye akili ya watu watatu, akaikata.

Alimpa mwenye shule sharti moja. Farasi huyu hatajua tena akikanyaga msumari, wala jiwe likimkaa kwatoni, wala kwato ikioza. Lazima mtu amwangalie miguu kila siku ya Mungu mpaka afe. Mwenye shule akaitikia kwa kichwa, namna watu wanavyowaitikia madaktari. Ganzi aliliona lile itikio la kichwa akajua halitamaliza wiki, na jioni ile ile akaenda mwenyewe.

Tangu hapo alikwenda kila saa kumi na moja, kazi ikiisha. Anavuta kindoo, anakaa, anajipiga paja mara mbili kwa kiganja, anasema, “Lete, Shangazi,” na yule mzee mwenzake anatoa mguu kama anayetoa mkono kwa salamu. Anausafisha kwa kichuma chake cha kuchokolea kwato, anapitisha kidole gumba kila pembe, kisha wa pili. Katika miaka saba alitoa misumari miwili, kipande kimoja cha chupa, na mawe yasiyo na idadi. Alikuwa pia akimsimulia habari za nyumbani, na ukweli ni kwamba Shangazi alizijua habari zile kuliko waliomo ndani yake. Akichelewa kurudi, mkewe alimpokea na swali moja tu: kama ametoka kwa mke mwenzake.

Sukari yake mwenyewe iligunduliwa miaka mitano iliyopita, kwenye zahanati alikokwenda kwa ajili ya jino. Alipewa vidonge na maonyo, akarudi nyumbani amenuna. Hakuwa mtu wa kuugua. Lakini miguu ilimwadhibu. Iliwaka moto, kwanza nyayo, kisha vidole, kisha mpaka kifundoni, na usingizi ukawa wa kuibaiba. Mkewe alikuwa akishtuka anamkuta ametoa miguu nje ya shuka ameibandika ukutani ipoe. Miaka minne ikawa hivyo. Mwanamke yule alimpa vidonge kwa mkono wake, akamtolea sukari kwenye chai, akamsimamia mezani kama askari, na mzee akatii, maana maumivu yanatiisha.

Kisha, mwaka mmoja uliopita, moto ukazimika. Ulipungua kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja aliamka akagundua kwamba amelala usiku kucha na miguu ndani ya shuka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaikanyagisha sakafuni, mmoja, wa pili, akaita, “Mama watoto, nimepona.” Mkewe alipiga vigelegele huko huko jikoni, mwiko mkononi. Na kwa nini asiamini? Huyu ndiye mtu wa miguu, mtu ambaye madaktari wanachukua neno lake. Akisema mguu umepona, aulizwe nani mwingine?

Hapa ndipo mtu anatamani kumshika Ganzi mabega amtikise. Mara elfu amewaambia wenye farasi kwamba kuacha kuchechemea siyo kupona. Amelisema hata usingizini, mkewe ni shahidi. Ilipofika zamu ya miguu yake mwenyewe hakujiuliza swali hata moja. Vidonge akaanza kuviruka, leo kimoja, kesho vyote. Chai ikarudishiwa sukari, nusu kijiko kwanza, halafu kizima. Miguu haikulalamika. Hakuwahi kuwa na miguu mitulivu kiasi kile.

Na si miguu tu iliyotulia. Alikuwa akirudi, anakula, anawasha redio, analala. Mkewe akimsimulia jambo, anaitikia “mh”. Binti yao wa mwisho alipopiga simu kusema amejifungua salama, Ganzi alisema vizuri, akampa mkewe simu. Mkewe alimwuliza kama amechoka. Alijichunguza kwa uaminifu kabisa, akaona hajachoka. Hakuwa na kilichomchosha wala kilichomfurahisha, na aliona labda ndivyo umri unavyokuja.

Basi siku moja kabla ya mambo kuharibika, fundi kwato alikuwa uani anang'oa viatu vya zamani vya farasi watatu. Huyu na Ganzi walikuwa wakitaniana tangu ujana wao, na utani wao haukuwa na adabu. Fundi alikuwa na desturi asiyoiacha: kila msumari anaoung'oa anautia kwenye kopo, na mwisho wa kazi anaihesabu yote, kwa kuwa msumari uliopotea uani hautakosa kwato ya kuingia. Jioni ile ulipungua mmoja. Akahesabu tena, ukapungua ule ule mmoja.

Aliyehangaika kuliko wote alikuwa Ganzi. Alichukua sumaku waliyoifunga kamba, akaiburura ua mzima, pembe kwa pembe, saa nzima, akienda na kurudi na buti zake za mpira. Akatoka hapo akaenda kwa Shangazi akamwinua miguu mara mbili, na mara ya pili Shangazi akamkoromea. Hakuna msumari. Fundi akasema labda amekosea kuhesabu, ndio uzee huo, wakafunga kazi.

Kesho yake asubuhi aliletwa farasi mmoja wa mbio, mweusi, kijana, anachechemea mguu wa mbele wa kushoto. Daktari akachoma chini. Dakika kumi. Ganzi akabonyeza kifuniko, farasi akatulia, umelala, wakakimbia mita thelathini kwenda na thelathini kurudi. Daktari hakuridhika, kichwa cha farasi bado kilipanda kila mguu ule ulipotua. Wakapanda hadi kifundoni, sindano mbili, kila upande moja. Dakika kumi tena. Umelala. Safari hii farasi alikimbia kama aliyefunguliwa minyororo, na mwenye farasi akafungua mdomo kusema lile neno lao, lakini Ganzi, akipita mbele yake anahema, akamwahi na jibu lake.

Ni Daktari aliyeiona damu. Kazi yake ni kutazama sakafu ile, na sakafuni kulikuwa na alama nyekundu, moja hapa, nyingine mbele kidogo, zikifuata njia ya farasi kwenda na kurudi. Akainua mkono wasimame. Farasi wa mbio, mguu umekufa ganzi, damu chini: hakuna daktari wa farasi asiyeliogopa hilo. Ganzi ndiye aliyeinama kwanza. Akauinua mguu wa mbele wa kushoto, akausafisha, akaupitishia kidole gumba, hakuna kitu. Wa kulia, hakuna. Ya nyuma yote miwili, hakuna. Akarudia yote minne. Mwenye farasi alikuwa anauliza maswali bila kungoja majibu. Fundi kwato akaitwa na koleo zake, akaja, akamtazama farasi, akaitazama sakafu, na akachutama kuzitazama alama kwa karibu. Alama zile hazikuwa na umbo la kwato.

“Ganzi,” akasema, “hebu lete mguu wewe.”

Ganzi alicheka, akidhani ni yale yale mambo yao. Fundi hakucheka. Alimpa mgongo, akamwinua mguu wa kulia kwa nyuma kama anavyoinua wa farasi, akaubana katikati ya magoti, na pale kwenye soli ya buti, chini ya vidole vidogo, kichwa cha msumari wa kwato kilikuwa kimekaa kama kimepigiliwa na mtu anayeijua kazi yake. Ulikuwa ule msumari wa jana. Ulizunguka naye ua mzima ukitafutwa, jioni ukavuliwa pamoja na buti, asubuhi ukarudi pale pale.

Wakamkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Buti ilipovuliwa, soksi aliyolala nayo ilikuwa imegandana na ngozi, na harufu iliyotoka ilimfanya mwenye farasi akumbuke kwamba ana simu ya kupiga. Daktari alipiga magoti. Alinyoosha mkono tu, Ganzi akaelewa, akatia mkono mfukoni akampa kifuniko cha kalamu.

Alianza chini, bila shaka. Alimwambia atazame ukutani, naye akatazama. Ukuta ulikuwa na ratiba ya chanjo na misumari ya kutundikia kamba. Alingoja, akangoja, akauliza kama ameanza. Daktari alikuwa amekwisha kumaliza vidole vyote vitano. Akaenda kwenye wayo. Akaenda kisiginoni. Akabonyeza kifundo, kwa ndani, kwa nje. Alipofika upana wa vidole vinne juu ya kifundo, mguu ukaruka wenyewe.

“Hapo,” Ganzi akasema.

Daktari akauchukua mguu wa pili, akaanza chini tena. Ukaruka mahali pale pale. Ganzi aliutazama mguu wake ulivyokaa mikononi mwa Daktari, mweupe kwa chini, umetoboka, na hakusikia kitu, si mguuni, si moyoni. Alijiona kama mtu anayesimuliwa habari za jirani wa mtaa wa tatu. Akauliza swali ambalo wenye farasi wote huliuliza, na kwa sauti yao ile ile:

“Itaisha saa ngapi?”

“Hii haikuchomwa na mtu, Mzee,” Daktari akasema. “Haiishi.”

Hospitali ya watu haina tofauti kubwa na ya farasi, ila wagonjwa wanasema mno. Walimlaza. Msumari ulikuwa umefika kwenye mfupa, na uchafu wa banda ulikaa ndani kutwa na kucha. Vidole viwili, kile kidogo na jirani yake, vilikwisha kubadilika rangi, vikakatwa siku ya tatu. Daktari wa pale, kijana wa miwani, hakumficha. Kidonda kikifunga, mguu utabaki. Weusi ukipanda ukapita kifundo, watakata chini ya goti. Watautazama kila siku kwa wiki sita. Ganzi akamshukuru, akauliza kama anaweza kupata mto wa pili.

Alilala akihesabu vipande vya dari. Alitaka kuhuzunika. Aliona ni adabu, mtu amekatwa vidole, ahuzunike japo kidogo, lakini huzuni haikuja. Akajaribu kuufikiria mguu ule ungekuwa wa farasi, na hapo jibu lilikuja haraka: farasi mwenye mguu ule asingepewa mto, angemalizwa siku hiyo hiyo nyuma ya mabanda, na yeye Ganzi ndiye angeshika kamba. Hata hilo lilipita tu.

Mkewe alikuja siku ya kwanza akalia. Siku ya pili akaleta chakula na pajama. Siku vidole vilipokatwa, alikaa kwenye kiti cha chuma kando ya kitanda, mkoba ameupakata, na hasira ikamfika. Hakupaza sauti, kulikuwa na wagonjwa wengine.

“Miaka saba,” akasema. “Kila jioni unamwinulia Shangazi miguu. Mvua inanyesha, unakwenda. Siku ya harusi ya binti yako uliinuka mezani ukaenda. Miguu yako wewe ulimwachia nani?”

Ganzi alitafuta jibu kwa dhati. Alichopata ni kwamba ilikuwa haiumi.

Mkewe akalirudia neno lile, kwamba ilikuwa haiumi, taratibu, kama anayeonja kitu asichokijua. Kisha akasimama, akazikunja nguo chafu moja moja, akazitia mkobani, akaondoka bila kuaga.

Wiki ya sita ilifika, weusi haukupanda. Kidonda kilikuwa kinafunga kutoka pembeni, polepole. Yule daktari wa miwani akamruhusu kwa sharti, na Ganzi alilijua sharti lile kabla halijasemwa, angeweza kumsomea yeye. Miguu hii haitajua tena ikichomwa, wala ikiungua, wala kiatu kikibana. Lazima mtu aiangalie kila siku, nyayo na katikati ya vidole. Kidonda kingine kimoja kikikaa siku chache bila kuonekana, safari hii hakutakuwa na wiki sita, mguu unakatwa. Mgongo wa Ganzi ulikuwa hauinami tena kiasi cha kuona wayo wake. Daktari akauliza nani ataangalia huko nyumbani. Ganzi akasema ataangalia mwenyewe, akaitikia kwa kichwa, sawasawa na yule mwenye shule.

Aliona haya, tuseme bila kuzungusha. Mguu ulikuwa mbaya, una makovu na mapengo, na kwa miaka yote ile yeye ndiye aliyezoea kuinama. Kuinamiwa hakukujua. Siku ya kwanza nyumbani mkewe alikuja na bakuli la maji na kitambaa, Ganzi akamwambia ameshaiangalia. Siku ya pili akasema ni safi kabisa. Siku ya tatu akakasirika, akasema yeye si mtoto mchanga. Mkewe akayamwaga maji yale uani, akachukua kitu nyuma ya mlango, akatoka bila kusema anakwenda wapi.

Ganzi alibaki verandani. Soksi hakuzivua tangu siku aliyorudi. Alijua vizuri kwamba ndani ya soksi kunaweza kuwa na jambo lolote na miguu isimwambie. Alilijua hilo bila kuliogopa, na huko kutoogopa ndiko kulikokuwa kubaya kuliko vyote, na hilo nalo alilijua, akakaa tu anatazama watu wanapita barabarani.

Mkewe alirudi jua bado lipo. Alinuka farasi. Katika ndoa ya miaka thelathini na mmoja hakuwahi kukanyaga mabanda yale, akisema mke mkubwa haendi kwa mke mdogo, na sasa alikuwa na tope kwenye pindo la nguo na majani makavu begani. Alikuwa amevaa koti la kazi la Ganzi, lile lililoning'inia nyuma ya mlango wiki zote zile. Akaingia ndani, akatoka na maji mengine, akavuta kigoda akakaa mbele yake, akachovya kiwiko kupima moto wa maji.

“Nimetoka kwa mke mwenzangu,” akasema.

Akamsimulia huku akikunja mikono ya koti. Fundi kwato ndiye anayemwangalia Shangazi siku hizi, lakini Shangazi hampi mguu kwa hiari. Wanasukumana robo saa, na mara mbili amemng'ata bega. Yeye alisimama pembeni akatazama, kisha akaomba ajaribu. Akamwuliza fundi huyu mume wangu anakaa vipi, anasemaje, fundi akamwonyesha yote, hata ile ya madaktari ya kuanza chini kutafuta mguu unasikia kuanzia wapi. Akakaa kwenye kindoo, akasema lile neno. Shangazi akamgeukia, akalinusa koti kwa muda, akatoa mguu.

“Alikuwa na msumari?” Ganzi akauliza. Lilikuwa swali la kwanza aliloliuliza kwa kutaka kujua, tangu siku ile ya damu.

Hapana, kijiwe. Mkewe alikitoa mfukoni mwa koti akamwekea kiganjani. Kisha akajipiga paja mara mbili.

“Lete, Shangazi.”

Kicheko kilimtoka Ganzi kabla hajakizuia, na kabla hakijaisha akajikuta amekwisha kutoa mguu. Mkewe akavua soksi ya kwanza, akainama karibu. Kwenye kisigino, pale mshono wa soksi ulipokaa siku tatu, palikuwa na lengelenge la ukubwa wa ukucha wa gumba, limejaa, ngozi imekuwa nyembamba. Lilikuwa halijapasuka. Akamwuliza hili ni la lini.

Ganzi akasema hajui. Na safari hii neno lile lilimtisha. Kwa mara ya kwanza akauona mguu wake ukiwa haupo, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini. Mkewe akasema asubuhi na mapema wanakwenda liangaliwe na wenye kazi yao, naye hakubisha. Akamwacha afanye anavyojua.

Akamwosha. Ganzi aliuona mkono ukipita wayoni, ukizunguka lengelenge bila kuligusa, ukipita mahali vidole viwili vilipokuwa, ukikausha katikati ya vile vilivyobaki. Aliuona wote. Hakuusikia. Mkono ule aliujua miaka thelathini na mmoja, ugumu wake wa kiganja, ile pete inayokwaruza kidogo, na sasa ulipita juu yake kama unafuta mguu wa meza. Hapo ndipo huzuni ilipomjia, yote kwa mpigo, ya vidole, ya mguu, ya mjukuu aliyezaliwa naye akasema vizuri. Akalia mdomo wazi, pengo nje, mbele ya watu wanaopita.

Mkewe akashtuka, akauliza inauma wapi.

“Haiumi,” akasema. “Siusikii mkono wako.”

Mkewe akafikiri. Akaweka kitambaa kando, akajifuta mikono kwenye koti, akaanza chini. Akauweka mkono kwenye vidole, akamtazama usoni, Ganzi akatikisa kichwa. Akauweka kwenye wayo, akatikisa. Akauzungusha kifundoni, akatikisa tena. Akapanda taratibu, kidole kimoja, viwili, vitatu, vinne.

“Hapo,” Ganzi akasema.

Mkewe akauacha mkono hapo mpaka maji yakapoa bakulini.